Harusi Iliyopita Chini ya Habari

Kuanzia asubuhi watu walikuwa wakimpongeza Bilonda kwa ndoa ambayo hakuwa nayo.

Wa kwanza alikuwa muuza maandazi wa mtaani kwao Kapata, aliyemwongezea andazi moja bila kuombwa. Akafuata jirani ambaye tangu Krismasi walikuwa hawasalimiani. Kisha kijana wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, aliyempeleka kazini akageuza kichwa katikati ya vumbi la malori, akamuuliza kama sherehe itafanyika Kapata au Dilala kwa kina bwana harusi, maana yeye binafsi angependelea Dilala, barabara ya huko ina afadhali. Bilonda akamwambia aangalie mbele. Hakuwa na nguvu ya kukasirika. Usiku hakupata usingizi, na baba yake pia hakupata. Alimsikia akikohoa sebuleni mpaka majogoo wakaanza kelele zao.

Kosa lenyewe lilitokea hivi.

Malakiti TV, kituo cha habari ambacho nusu ya mji wa Kolwezi hukitazama wakati wa kula, kilikuwa kimebadilisha sura jana yake. Mkurugenzi mpya, Gracien, alikuja kutoka Lubumbashi na manukato makali na mawazo mengi. Rangi ya kijani ikaondolewa, ikaja nyekundu. Saa kubwa ikawekwa kwenye kona ya skrini. Habari za saa kumi na mbili jioni akapewa Darlène, msichana mwenye meno mazuri, azisome akiwa amesimama na kutembeatembea. Na matangazo ya vifo, ambayo Bilonda aliyasoma kila jioni kwa miaka mingi kabla ya habari, yakanyang'anywa sauti. Sasa marehemu watapita kwa maandishi, chini kabisa ya skrini, kwenye ule ukanda unaotembea ambao pale kazini wanauita bande, huku Darlène akizungumzia mambo mengine. Bilonda atapelekwa mji mdogo wa Tenke, akawe mwandishi wa huko.

Hakulia alipoambiwa. Kazi ile ilimpa umaarufu ambao mwanamke hauombi. Sokoni walimwita Mama wa Kilio. Wanaume waliomtamani wakiwa mbali walipoa wakimsikia akizungumza karibu, kwa sababu kila mmoja alikumbuka sauti hiyo ilimtajia nani. Mwanaume mmoja tu hakupoa. Huyo alikuwa Amadi, fundi wa maandishi ya skrini, mtoto wa familia ya wasafirishaji Waislamu wa Dilala wenye asili ya Kasongo, mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu. Kila jioni yeye ndiye aliyeandika jina la marehemu chini ya uso wa Bilonda, na kila jioni alikuja kumuuliza jina linaandikwaje. Mara nyingine alilijua. Wakapendana hivyo hivyo, misiba ya watu ikipita katikati yao, na sioni wangefanyaje vinginevyo. Watu hupendana pale kazi ilipowakutanisha.

Sasa, bande mpya ilihitaji maandishi ya kuijaribia. Fundi wa mahali pengine angetunga kifo cha uongo, akajaribu, akafuta. Lakini Malakiti TV hakuna anayekubali kuandika msiba usiokuwepo, tangu mpishi wa chai hadi mhasibu. Kolwezi jina lolote utakalolitunga lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, na mama yake anatazama. Basi Amadi akaandika harusi. Akaandika: "Familia Mpoyi ya Kapata na familia Hamadi ya Dilala zina furaha kuwatangazia ndoa ya watoto wao, Bilonda na Amadi." Maneno yakapita vizuri, meupe juu ya nyekundu. Akayatazama kupita mahitaji ya kazi. Jua lilipozama akatoka kwenda kusali uani, kama desturi yake, kwa sababu saa ile zamani, matangazo ya vifo yakiwa yamekwisha, hakuna aliyekuwa akimhitaji.

Ndani, Laurentine wa chumba cha mitambo akaamriwa aiachie bande. Akaachia aliyoikuta. Harusi ya Bilonda ikapita chini ya habari za bei ya unga, ikapita chini ya daraja lililobomoka, ikapita chini ya mpira wa miguu, ikazunguka na kurudi tena. Amadi aliporudi na miguu yake bado mibichi ya udhu, mji mzima ulikuwa umekwisha soma.

Asubuhi Tata Mpoyi alimsubiri binti yake mezani. Alikuwa mstaafu wa mgodi, mwenye asili ya Kasai, mzee wa jumuiya kanisani, mtu wa maneno machache. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Bantu banauliza mahari nilikula na nani," alisema.

"Tata, ilikuwa kosa ya kazi."

"Mi sijue kosa ya kazi. Mi najua jina yangu. Ule kijana alifika apa mara moya, nikamuuliza neno moya, akatoka, haakurudia. Leo anaandika jina yangu ku télé."

"Tata."

"Saa kumi na mbili nitafungua télé. Nataka nisikie mu kinywa yako we mwenyewe, kama hakuna kitu. We njo unasomaka bya kweli. Bantu batakuitika, batakuamini."

Bilonda akasema ndiyo. Alikuwa na umri wa kutosha kukataa, lakini mama yake alikwisha fariki na mzee yule alibaki na yeye tu. Na kusema kweli, alichoka. Alichoka kumtetea mtu ambaye hakuwepo.

Kazini Gracien alikuwa na wazo hilohilo. Wafanyabiashara waliolipia matangazo walikuwa wakipiga simu na kucheka. Akamkabidhi Bilonda karatasi yenye maneno yaliyopigwa tayari: "Malakiti TV inawaarifu watazamaji wake kwamba tangazo la jana lilikuwa la uongo. Hakuna ndoa wala uchumba wowote kati ya Bilonda Mpoyi na Amadi Hamadi."

"Ni démenti ya kawaida, kukanusha tu," Gracien alisema. "Unasoma, unafunga, Darlène anaendelea. Kisha tunasahau."

Bilonda akaichukua karatasi, akaenda nayo chumba cha mitambo, akakaa kwenye kiti cha Amadi. Hakujua kwa nini alikaa pale. Kiti kilikuwa na foronya kuukuu ambayo Amadi aliiweka mgongoni, na alama ya mgongo wake bado ilikuwepo.

Amadi akaingia. Akasimama mlangoni. Laurentine, mwanamke mwenye akili, akajitia kutafuta waya chini ya meza.

"Unisamehe," Amadi alisema.

"Nilishakusamehe asubuyi. Sasa nilichoka tu."

"Tata anasema nini?"

"Anasema nisome iyi." Akamwonyesha karatasi bila kumpa. "Na weye, Gracien anataka uandike ku bande. Basi andika. Kuandika unajuaka."

"Bilonda, ilikuwa essai, kujaribu tu. Nilikatala kuandika kilio ya uongo. Unajua apa hakuna mutu anaandikaka ile."

"Najua. Hata mi ningekatala. Lakini kuko bintu mingi ya kuandika. Ungeandika bei ya unga. Ungeandika 'karibu ku Malakiti.' Juu ya nini uliandika ndoa yetu?"

Amadi alimtazama shingo, pale ambapo mkufu mwembamba wa msalaba uliingia ndani ya blauzi, kisha akamtazama macho, mekundu ya kukosa usingizi. Alimpenda sana wakati ule, na ilimuuma kwamba alimpenda zaidi akiwa amechoka namna ile kwa ajili yake.

"Juu njo kitu yenye niko nafikiria saa yote," alisema.

"Mi pia niko nafikiria. Lakini mi siandikake. Mi nangoyaka, nasubiri."

"Bilonda."

"Ku Kapata ulifika mara moya. Tata alikuuliza batoto batasalia wapi, ku kanisa ao ku musikiti. We ukasema nini?"

"Nilisema nitauliza bakubwa."

"Ukaenda kuuliza. Mpaka leo uko nauliza."

Amadi akavuta kiti kingine, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Alizungumza taratibu. "Baba mudogo alikatala kunisindikiza. Alisema niangalie kwanza mabinti ba musikiti yetu. Alisema Bakasai batatutesa na mahari, kisha batabatiza batoto nyuma ya mugongo. Sasa ningekuya kwa tata yako peke yangu, bila mukubwa, sawa mwizi?"

"Ungekuya."

"Angenifukuza."

"Angekufukuza, mi ningeona." Sauti yake ilianza kukatika, akaishika. "Ningekuwa pa mulango, ningeona anakufukuza. Ningejua ulikuya. Unafikiri mi nilikuwa nangoya tata aitike? Nilikuwa nangoya weye tu upige ku mulango."

Laurentine chini ya meza akaacha kutafuta waya.

"Mu bande yako haukuogopa," Bilonda aliendelea. "Kolwezi yote iliona. Tenke balipiga simu, baliona. Ni ku nyumba yetu tu haukufika. Uliandika neno yenye ungepaswa kuya kusema, ukatoka kwenda kusali, ukatuachia shiye shida."

Hakumwambia kwa hasira. Hilo ndilo lililomtisha Amadi. Bilonda akikasirika hupaza sauti na kumalizia kwa kucheka. Leo aliongea kwa ile sauti ya kila jioni, ya pole, ya wazi, ya kutaja majina.

"Utaisoma?" Amadi aliuliza.

"Nitaisoma. Ni tata yangu."

"Na kisha?"

"Kisha itakuwa kweli. We unanijua. Miaka yote iyi, jina yenye nasoma pale, mwenyewe harudiake. Nikisema hakuna kitu kati yetu, bantu bataitika. Mi mwenyewe nitaitika. Nitaenda Tenke, nitalala, nitapumzika."

"Unataka kuniacha, upumzike?"

"Nataka kupumzika, Amadi. Kama ni na weye, muzuri. Kama ni bila weye, pia nitajua kulala."

Alisema uongo kwenye sentensi ile ya mwisho, na wote wawili walijua. Amadi akanyoosha mkono, akamgusa kidole kimoja tu juu ya karatasi, kile kidole kidogo. Bilonda hakuuondoa mkono wake. Hakuusogeza pia. Wakakaa hivyo, skrini zote za chumba zikiwaka nyekundu mpya juu yao.

Kisha Amadi akasimama, akachukua koti lake.

"Unaenda wapi?" Laurentine aliuliza, akitoka chini ya meza na vumbi kichwani. "Saa kumi na mbili iko nakaribia. Nani ataandika bande?"

"Bande ipite bila mi."

"Amadi, Gracien atakufukuza kazi."

"Njo leo siku ya kufukuzwa," alisema, akatoka.

Kupitia dirisha Bilonda alimwona akizungumza na dereva wa pikipiki getini, akikataa kofia, akipanda. Pikipiki ikaingia barabarani. Upande wa kushoto ungempeleka Dilala, kwao. Upande wa kulia ungempeleka Kapata. Lori la mchanga wa shaba likapita wakati huohuo na kuziba kila kitu, na lilipokwisha pita barabara ilikuwa tupu. Moyo wake ukachoka zaidi kuliko miguu.

Darlène akaja kumkuta kwenye chumba cha kupaka poda. Alikuwa amevaa suti nyekundu inayolingana na skrini, na alionekana kuona haya.

"Yaya Bilonda," alisema kwa heshima ya mdogo kwa dada yake, "ukitaka, mi nitasoma ile karatasi."

"Hapana, mudogo. Ni jina yangu. Uache niisome."

"Mi sikulomba nafasi yako. Balinipa tu."

"Najua. Uipende. Lakini ukitembeatembea vile, usisogee karibu na waya ya taa, itakuangusha."

Darlène akacheka kidogo, akamrekebishia kola, akaenda kusimama upande wake.

Bilonda akakaa mezani. Ilikuwa meza yake ya zamani, walikuwa hawajaitoa, kesho wangeitoa. Akaweka karatasi mbele yake. Kwenye kidude cha sikioni, Gracien alikuwa akimwambia akae wima. Kwenye skrini ndogo akajiona, uso wenye poda na macho ya mtu aliyekesha, na chini ya uso ule, palipopaswa kupita maandishi, ukanda mwekundu usio na neno. Bila Amadi, hakukuwa na wa kuuandikia kitu. Akafikiri: ameenda Dilala. Ameenda kukaa na baba yake mdogo, wanywe chai, wasitazame. Akafikiri vilevile kwamba angemsamehe na hilo, na wazo hilo likamkera.

Matangazo ya biashara yalikuwa bado yakipita pale Laurentine alipoingia studio akikimbia, simu mkononi, jambo lililokatazwa kabisa.

"Ni tata yako. Alipiga ya kwako, haikuitika, akapiga ya mi."

Bilonda akaiweka sikioni.

"Tata."

"Ile karatasi iko na weye?"

"Niko nayo."

"Ulishasoma?"

"Bado. Matangazo ikiisha."

"Usisome."

Hakuelewa. Nyuma ya sauti ya baba yake alisikia televisheni ya kwao, tangazo lilelile la sabuni lililokuwa likipita pale studio.

"Kuko mugeni apa," Tata Mpoyi alisema, akiishusha sauti. "Alikuya peke yake, bila mukubwa, na taxi-moto. Amejaa vumbi mpaka mu masikio. Nilimuacha ku mulango kwanza, nikafikiri ataenda. Haakuenda. Anasema alikuya kuitikia lile neno nilimuuliza."

"Aliitikia nini?"

"Bado. Nilimwambia aikale kwanza. Alilomba nimuoneshe pa kusali saa yake ikifika. Nilimuonesha kwa nyuma, kwenye mama yako alikuwa natwangiaka majani ya sombe. Sasa kijana iko mbele yangu, ku kiti, na télé iko wazi." Mzee akakohoa. "Bilonda, mi siwezi kuikalisha mutu mu nyumba yangu, kisha asikie ku télé kama balimukatala. Haina adabu. Kama ni kumukatala, nitamukatala mi mwenyewe, mbele yake."

"Unamukatala, tata?"

Tangazo la sabuni likaisha, likaja la simenti, la mwisho. Laurentine akaanza kumwonyesha kwa mkono kwamba wakati umekwisha.

"Leo yote bantu balikuya kunipongeza," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi ya zamu mbili. "Mzee Banza alikuya. Kabongo alikuya na fimbo yake. Bamama ba chorale balikuya na wimbo. Wote baliuliza mahari, wote baliuliza tarehe. Mi nilikuwa nangoya moya tu aniulize kijana anasalia wapi. Nilishatayarisha na jibu. Hakuna hata moya aliuliza."

"Tata, unamukatala?"

"Nilimupa mayi. Bado anakunywa."

Simu ikakatika, au mzee aliikata. Laurentine akaipokonya, akakimbia nje ya picha. Taa nyekundu juu ya kamera ikawaka, na Kolwezi nzima ikawa inamtazama, Kapata na Dilala, wanaompenda na wanaomwogopa, na sebuleni kwao wanaume wawili wasiojua waanzie wapi.

"Soma," Gracien alisema sikioni. "Bilonda, soma."

Aliigeuza karatasi, akaiweka uso chini. Uchovu haukumtoka, alihisi ungemchukua siku nyingi kuumaliza, na maneno mengi, na labda machozi ya watu wa pande zote mbili. Lakini mtu wake alikuwa amepiga hodi. Akatoa kile kidude cha sikioni, akakiweka mezani, akainua macho.

"Watazamaji wetu, jioni njema," alisema. "Kuhusu lile tangazo la ndoa lililopita hapa jana: familia mbili zinazungumza."